MTI ULIOMEZA MASHAIRI

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Nawaheshimu sana wahenga, lakini leo, ndugu msomaji, niruhusu nipingane nao kidogo. Jembe ambalo mpini wake unachezacheza laweza kumkata mguu mkulima mwenyewe, tena mkulima hodari. Nasema hivyo kwa kuwa mimi nilikatwa. Jembe langu lilikuwa programu ya kuandikia iliyo katika tarakilishi ya chama chetu, na mpini uliolegea ni ule mti wa faili unaoonekana kando ya skrini. Wengi wenu mmeuona mkija kuleta makala, na wengine mmeniuliza, "Hii nini hii inateremka hapa kushoto?" Basi leo nawajibu, na humo humo nitakiri kosa ambalo sijapata kulikiri hadharani.

Ilikuwa Jumatano alasiri, muhula wa pili mwaka jana. Ijumaa yake mlezi wetu alikuwa apeleke kazi kwa mpiga chapa. Makala zote zilikuwa tayari, 83 kwa hesabu yangu, zimepangwa katika folda: hadithi, insha, mashairi, vitendawili na wageni. Mimi katibu nimeketi kitini, wenzangu wamenizunguka kama watu wanaotazama mpira. Mwalimu akasema, "Hebu nifungulie mashairi niyapitie mara ya mwisho." Nikatupa jicho kushoto. Hadithi zipo. Insha zipo. Kutoka insha macho yakarukia vitendawili. Mashairi hayapo!

Lahaula! Nilipigwa na bumbuazi. Kijasho chembamba kikaanza kunitiririka ilhali ilikuwa baridi kali ya Julai. Mwenyekiti, ambaye alikuwa na shairi lake la beti 14 humo, alinikodolea macho. "Wee, shairi langu umelipeleka wapi?" Mwalimu naye hakusema kitu. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Wanaomjua wanajua maana yake.

Kabla sijawaambia mashairi yalikuwa wapi, sharti kwanza niwaeleze mti wenyewe ni kitu gani, la sivyo hamtaelewa nilivyoyapoteza.

Programu tunayotumia inaitwa Visual Studio Code. Kampuni ya Microsoft iliitangaza mwaka 2015 na huitoa bila malipo. Waliibuni kwa ajili ya waandishi wa programu za tarakilishi, si kwa washairi, lakini inatufaa. Inapokea maandishi matupu yasiyo na mapambo, kwa hivyo faili huwa ndogo na hufunguka katika tarakilishi nyingine yoyote. Zaidi ya hayo, ukifungua folda nzima ya jarida, makala zote huorodheshwa kando huku wewe ukihariri moja katikati. Orodha hiyo hukaa katika upau wa kando, na kwa kuwa folda huwa na folda nyingine ndani yake, na hizo zikawa na faili, watu huiita mti. Ila ni mti uliopandwa kichwachini: mzizi uko juu, matawi yanateremka. Mmesikia ile hadithi ya mbuyu uliong'olewa ukapandwa mizizi ikielekea mbinguni? Basi ndio huo.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wazazi wa wengi wetu. Mwaka 1965 huko Marekani, R. C. Daley na P. G. Neumann walieleza mpango wa folda ndani ya folda uliokusudiwa mfumo wa Multics, uliokuwa wa tarakilishi kubwa kubwa. Tarakilishi ndogo za mezani zilichelewa. IBM ilipotoa PC yake mwaka 1981, mfumo wake wa DOS wa kwanza haukuwa na folda ndani ya folda. Kila kitu kilichokuwa katika diski kilirundikwa pamoja kama nguo za bweni siku ya kufua. Folda zilikuja na toleo la 2.0 mwaka 1983, na mwaka 1985 ikatoka programu iitwayo XTree, ambayo iliuchora mti kwenye skrini ili mtu auone kwa macho badala ya kuukariri kichwani.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo penye kiini. Mti ule wa kando si mahali faili zinapokaa. Faili zinakaa katika diski. Mti ni kama dirisha la kuchungulia diski hiyo. Lakini ni dirisha la ajabu kidogo, kwa sababu baadhi ya unayoyafanya hapo hubadilisha tu unachokiona, na mengine hubadilisha diski yenyewe. Ukibadilisha mpango wa kuorodhesha, diski haina habari. Ukificha faili, bado ipo, ni wewe usiyeiona. Lakini ukiburuta folda kwa kipanya, ukibadilisha jina, ukifuta, umeingiza mkono dirishani na kugusa kitu halisi. Na kwa macho, mambo hayo mawili yanafanana! Kitu kilichofichwa na kitu kilichoondolewa vyote havionekani.

Mashairi yalikuwa yameburutwa. Hivi ndivyo ilivyokuwa. Ukishika folda kwa kipanya na kuiachia juu ya folda nyingine, programu hukuuliza kwanza kama kweli unataka kuihamisha. Chini ya swali kuna kisanduku cha kusema usiulizwe tena. Wiki moja kabla, nilikuwa nikihamisha makala nyingi, swali likawa linanikera kama mbu, nikatia alama ya vema kisandukuni. Tangu hapo programu ikanyamaza. Siku fulani kidole kikateleza, folda ya mashairi ikadondoka ndani ya folda ya vitendawili iliyo chini yake. Hakuna kilichouliza, hakuna kilicholia. Na kwa kuwa vitendawili vilikuwa vimefungwa, hakuna aliyeona tumbo lake limevimba.

Tuliyapata vipi? Mwalimu mwenyewe, baada ya kuivaa miwani yake, aliniambia nibonyeze Ctrl pamoja na herufi P. Kikafunguka kisanduku juu. Nikaandika neno "shairi", na faili zikajitokeza moja moja, kila moja ikiwa na anwani yake ubavuni. Anwani zote zilianza na vitendawili. Mwenyekiti alicheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe shairi langu limekuwa kitendawili!" Mimi sikucheka.

Siku hiyo hiyo nilibonyeza Ctrl na alama ya mkato, ambayo hufungua dirisha la mipangilio. Juu yake kuna mahali pa kutafutia. Ukiandika neno "explorer", yanakuja mambo yote yahusuyo mti. Nikakuta "explorer.confirmDragAndDrop" imezimwa, nikairudisha. Baadaye nikagundua dawa kali zaidi, "explorer.enableDragAndDrop", ambayo ukiizima huwezi kabisa kuburuta kitu mtini. Tumeizima. Ukitaka kuhamisha faili sasa, unaibofya, unaikata kwa Ctrl na X, unakwenda kwenye folda unayoitaka, unaibandika kwa Ctrl na V. Ni kazi zaidi, naam, lakini ni kazi isiyoweza kufanywa na kidole kilichoteleza. Na kama umehamisha kitu kwa makosa na umetambua papo hapo, bofya mtini halafu bonyeza Ctrl na Z, kitarudi. Mimi nilitambua wiki nzima baadaye, tarakilishi imezimwa na kuwashwa mara nyingi.

Swali la kufuta, "explorer.confirmDelete", liacheni likiwa limewashwa, jamani, hata likikera vipi. Kwa kawaida faili iliyofutwa huenda katika pipa la taka na unaweza kuiokota. Lakini sisi tunafanyia kazi kwenye flashi, na katika tarakilishi zetu za Windows flashi haina pipa la taka. Kilichofutwa humo kimekwenda na maji.

Sasa nije kwenye lile kosa nililoahidi kukiri. La mashairi lilikuwa na mwisho mwema, tukacheka, likaisha. Hili la pili halikuwa hivyo.

Baada ya fedheha ile nilijitia usafi. Mti wetu ulikuwa umejaa rasimu: rasimu-1, rasimu-2, rasimu-mpya, kila folda na zake. Nikasema hizi ndizo zinazotuchanganya, nizifiche. Kuna mpangilio uitwao "files.exclude", ambao huuandikia sura ya majina usiyotaka kuyaona. Nyota humaanisha "lolote", na nyota mbili zikifuatwa na mkwaju humaanisha "katika folda yoyote". Nikaandika hivi:

"**/rasimu*": true

Yaani, popote pale, ficha kila kitu ambacho jina lake linaanza na rasimu. Mti ukang'aa kama sahani iliyolambwa. Nikajipongeza. Mwalimu akanipongeza. Hakuna aliyejua kwamba katika folda ya hadithi kulikuwa na faili ya dada mmoja wa kidato cha chini yetu, na aliipa jina la hadithi yake: rasimu-ya-ndoto.

Ikafichika pamoja na takataka.

Mtauliza, si ungeitafuta kwa Ctrl na P kama mashairi? Hapo ndipo ubaya ulipo. Kilichofichwa kwa "files.exclude" hakionekani mtini, na pia hakitafutwi. Kwa programu, ni kama hakipo. Mtauliza tena, si Mwalimu alikagua kazi yote nyumbani kwake, kwa tarakilishi yake mwenyewe? Alikagua. Lakini mipangilio ya programu hii ina makao mawili. Kuna ile ya mtumiaji, inayobaki katika tarakilishi hiyo tu. Na kuna ile ya folda ya kazi, inayoandikwa katika faili ya settings.json ndani ya folda ndogo iitwayo .vscode, katikati ya kazi yenyewe. Hii ya pili husafiri. Mimi nilikuwa nimeandika katika hii ya pili, nikiona fahari kwamba kila mtu atauona mti msafi kama ninavyouona mimi. Basi flashi ilipofika kwa Mwalimu, kosa langu lilishuka nayo. Naye akaona makala 83, akahesabu 83, akapeleka 83 kwa mpiga chapa.

Jarida likatoka. Wiki ya pili baada ya kufungua shule, yule dada alikuja chumba cha tarakilishi. Hakuja kwa ugomvi. Alikuwa amelishika jarida kifuani, akaniuliza kwa sauti ya chini kama hadithi yake haikuwa nzuri vya kutosha. Nikamwambia sijawahi kuiona. Akasema aliileta mwenyewe, akaiweka mwenyewe katika folda ya hadithi, mimi nikiwa hapo. Nikafungua mti, nikamwonyesha, "Unaona? Haipo." Aki, nilimwonyesha kwa kidole kabisa! Akanyamaza akaenda.

Ni usiku, prep ikiendelea, ndipo neno "ndoto" lilipogongana na neno "rasimu" kichwani mwangu, maana alikuwa amelitaja jina lote. Kesho yake sikufungua programu ya kuandikia. Nilifungua dirisha la kawaida la tarakilishi, lile linaloonyesha diski bila kujali mipangilio yangu, nikaingia katika folda ya hadithi. Ilikuwapo. Kurasa nne, imeandikwa vizuri mno. Nikahesabu makala zote, nikitoa rasimu za kweli: 84.

Nilimfuata bwenini kwao nikamwomba msamaha. Alinisamehe, lakini jarida lilikuwa limeshatoka, na makala 83 ni makala 83.

Tangu hapo tumebadili mambo. Rasimu zote zinakaa katika folda moja iliyo juu kabisa, na jina lake linaanza na mstari wa chini ili asitokee mtu akaliita shairi lake hivyo. Tunaificha folda hiyo kwa jina lake kamili, bila nyota hata moja. Faili yetu ya settings.json, ile inayosafiri, sasa iko hivi:

{
  "explorer.enableDragAndDrop": false,
  "explorer.confirmDelete": true,
  "explorer.compactFolders": false,
  "files.exclude": {
    "_rasimu": true
  }
}

Angalieni alama za mkato mwishoni mwa mistari, ziko kila mahali isipokuwa mwisho wa orodha. Mabano nayo hufungwa kadiri yalivyofunguliwa. Na kabla ya kwenda kwa mpiga chapa, watu wawili wanahesabu faili katika dirisha la kawaida la tarakilishi, si mtini, kila mmoja peke yake, halafu wanalinganisha.

Ule mstari wa "compactFolders" una kisa chake kidogo. Folda yetu ya wageni ilikuwa na folda moja tu ndani yake, ya shule jirani. Programu ikiona folda iliyobeba folda moja pekee, huyaunganisha majina yakawa mstari mmoja ili kuokoa nafasi. Mweka hazina wetu alikuwa akitafuta folda ya shule jirani peke yake, akaapa kwamba haipo, tena baada ya yote tuliyopitia! Tukiuzima mpangilio huo, kila folda hupata mstari wake. Mtini mwetu nafasi si haba.

Mengine ni ya starehe, nayo kila mtu ajipangie katika mipangilio yake ya mtumiaji, asiwabebeshe wenzake. "explorer.sortOrder" hupanga orodha. Ukiichagulia "modified", iliyoguswa mwisho hupanda juu, nami huipenda wakati wa kuhariri kwa sababu naona papo hapo nilichokuwa nikifanya jana. "workbench.tree.indent" huongeza hatua ya kila tawi kuingia ndani. Kawaida yake ni pikseli 8, Mwalimu ameweka 20 na anasema macho yamepumzika. Ctrl na B huficha upau wote na kuurudisha. Ukiona maandishi yako yanarukaruka kila ukifanya hivyo, uhamishe upau kulia kwa "workbench.sideBar.location". Maandishi huanza kushoto, kwa hivyo upau ukiwa kulia huweza kuja na kwenda bila kuyasukuma. Wenzangu hunicheka kwa hili, wanasema mti wangu umeota upande wa jirani. Wacha wacheke.

Jambo moja tu kwa wageni wa programu hii. Ukibofya faili mara moja mtini, jina lake juu huandikwa kwa herufi za mlazo, na ukibofya nyingine hiyo ya kwanza huondoka mahali pake. Haijapotea, ilikuwa imefunguliwa kwa kuchunguliwa tu. Bofya mara mbili ikae. Nimeulizwa swali hili mara nyingi, na kila mara aliyeuliza alikuwa na uso ule ule niliokuwa nao mimi Jumatano ile.

Makala za mwaka ujao tunapokea kila Alhamisi baada ya michezo. Njoo na flashi yako au uandike hapo hapo. Jina la faili lianze na aina ya kazi, halafu kichwa, mfano hadithi-safari-ya-lamu, na uweke saini katika daftari la kupokelea, ambalo ni la karatasi na huandikwa kwa kalamu. Hadithi ya yule dada iko katika toleo hili, ya kwanza kabisa katika sehemu ya hadithi. Nilimuuliza kama angependa tuibadilishe faili yake jina. Alikataa.